Mtu wa Kutumwa Mara ya Pili

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, saa kumi kasoro robo, nikiwa na miaka kumi na saba na chunusi mbili. Mwalimu Nyaga alininyang'anya ufunguo wa kabati la kazi, akasema, "Wanjala, nenda kasome. Mtihani haujui kwamba wewe ni mshauri." Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba ya kuniaga. Soda haikuwepo.

Kwa hiyo nyinyi wa kidato cha pili mtakaolirithi hilo kabati, kaeni chini niwaambie. Kuhusu kupanda cheo sitasema, maana nilipanda mara moja tu, juu ya meza, kufukuza popo. Mshahara nao sitautaja. Asiyezaliwa hana jina.

Kazi yenyewe nilianza kama wafungwa wanavyoanza: kwa hukumu. Mnajua kwamba kila muhula Mwalimu Nyaga, ambaye ndiye mwalimu wa ushauri wa kazi hapa shuleni, husimamisha darasa zima na kuuliza mmoja mmoja, "Unataka kuwa nani?" Na mnajua majibu. Daktari. Wakili. Injinia. Rubani. Darasa letu pekee lilikuwa na marubani kumi na tisa, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuona ndege ikiwa imesimama. Siku moja mwalimu alichelewa. Nikavaa koti lake lililokuwa kwenye kiti, nikaweka chaki nyuma ya sikio, nikaibana pua. "Kijana! Rubani? Na mkokoteni wa maji jana ulikushinda kona?"

Darasa lilicheka, kisha likaacha kucheka lote kwa pamoja. Kimya cha namna hiyo kina maana moja tu duniani.

"Endelea, Bwana Mwalimu," sauti ikasema kutoka mlangoni.

"Nimemaliza, Bwana Mwalimu."

"Hapana. Ndiyo kwanza unaanza."

Adhabu yangu ilikuwa kusafisha kabati la kazi na kukaa kando yake kila saa ya chakula, muhula mzima, nikimhudumia yeyote atakayekuja. Ndani ya kabati nilikuta mende, chaki zilizolowa, na vijitabu ambavyo nadhani viliachwa na mkoloni alipokuwa akikimbia. Kimoja kilifundisha kutia makaa kwenye gari la moshi. Magari ya moshi yenyewe yalikuwa yameacha makaa kabla sijazaliwa. Kingine kilieleza namna ya kupokea telegramu. Nilivifuta vumbi vyote kwa heshima, kama mtu anayewaosha maiti.

Mteja wa kwanza alikuwa Njuguna, kijana wa kidato cha kwanza, mfupi, mwenye kaptura ya kurithi.

"Nataka kuwa rubani," akasema.

"Hesabu ulipata ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kati ya?"

"Mia."

"Na urefu unauonaje? Ukisimama juu?"

"Ghorofa ya tatu nashika ukuta."

Nikamtazama. Rubani anayeshika ukuta! Njaa ilikuwa inaniuma, githeri ilikuwa inaisha jikoni, nikauliza swali la kumwondoa tu: "Sasa nyumbani hutumwa nini?"

Hapo uso wake ukabadilika. Akaniambia kwamba kwao, mtaa wa Baba Dogo, wanakaa kwenye jengo la wafanyakazi wa viwandani, akina mama wengi wakienda zamu, na mtoto yeyote akilia ghorofa nzima huita Njuguna. Alijua kulia kwa njaa na kulia kwa jino. Alijua nani hunyamazishwa kwa wimbo na nani kwa kufunikwa kichwa. Alizungumza dakika kumi bila kupumua, na githeri ikaisha. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi: *mwalimu wa chekechea*. Akalia kwa aibu. Jumatatu akarudi, ameng'aa, akasema mamake alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia, "Hilo nimelijua tangu una miaka sita, nilikuwa nangoja ulijue wewe."

Mwalimu Nyaga akakisoma kile kipande cha karatasi mara mbili. "Nani amekufundisha swali hili?"

"Njaa, Mwalimu."

Hakucheka. Alinipa daftari la miraba. Adhabu ilipoisha nikasahau kuondoka.

Basi, vyombo vya kazi. Daftari la miraba: jina upande wa kushoto, na kila jambo ambalo mtu hutumwa nyumbani au mtaani linapewa alama kwenye mraba wake. Kiti cha mteja: kina mguu mmoja mfupi, na msithubutu kukitengeneza. Anayekaa na kuyumba akijifanya hayumbi, huyo ofisi itamfaa. Anayekunja karatasi na kuiweka chini ya mguu kabla hajakaa, mpelekeni kwa mafundi. Anayekulaumu wewe, mwambieni asome sheria.

Na jambo moja alilonifundisha Mwalimu Nyaga, ambalo ni zuri ingawa limetoka kwa mwalimu: "Usimpe mtu jibu kabla hajamaliza kukudanganya." Jibu la kwanza ni la baba yake. La pili ni la jirani aliyefaulu. La tatu ndilo lake, na hulitoa akiwa ameshika kitasa cha mlango anaondoka. Ngojeni kitasa.

Kwa njia hiyo nilifanya kazi mwaka mzima na sifa zikavuka ukuta wa shule. Mtaani kwetu Kayole, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, akina mama walianza kunisimamisha kwenye bomba la maji. "Mshauri, hebu mwangalie huyu wangu." Nikavimba kichwa. Nilianza kutembea nimeweka mikono nyuma. Na ni hapo, ndugu zangu, mikono ikiwa nyuma, ndipo nilipoanguka.

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Mutheu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka mmoja kabla, na tangu hapo kazi zilikuwa zinamtema kama mfupa. Alipelekwa kujifunza taipu, akasinzia juu ya mashine. Alipelekwa kwa fundi cherehani, akashona mfuko wa shati kwa ndani. Alipelekwa saluni, na mteja mmoja mpaka leo hufunga kitambaa. Baba yake, dereva wa kampuni moja huko Industrial Area kwenye viwanda, mtu wa koti la kaki na maneno machache, alikuwa anasema jambo moja tu: "Huyu anajua kuzurura."

Nikamshughulikia. Nikapita mlango kwa mlango na daftari langu. Mutheu hutumwa nini? Mama wa mlango wa kwanza: alimwita nesi mtoto alipopata degedege. Wa nne: alimwita mkunga. Wa saba: alimwita yule wa kuunga mifupa. Nikajaza miraba. Nesi, mkunga, mifupa! Hesabu ikanishangilia. Nikamwambia baba yake, kwa sauti ile ya mikono nyuma, "Baba Mutheu, binti yako ni mtu wa hospitali." Akamtafutia nafasi ya kujitolea kwenye zahanati ndogo ya mtaani.

Siku ya pili aliona sindano ikiingia kwenye mkono wa mtu. Akaanguka. Akaanguka na sinia.

Baba Mutheu alikuja shuleni. Ndiyo, shuleni, saa ya chakula, na koti lake la kaki. "Nani hapa anaitwa Mshauri?"

Wenzangu wote, marafiki niliokuwa nikigawana nao mahindi, wakaninyooshea kidole.

"Habari ya mchana, Baba Mutheu."

"Mchana hauna shida. Binti yangu amelala chini kama gunia, na watu wanamruka. Umefanya hivyo kwa daftari?"

"Hesabu ilionyesha..."

"Sikiliza, kijana. Jumapili ya mwisho wa mwezi anapanda basi kwenda Kitui kwa nyanya yake. Tiketi nimekata. Huko kuna mbuzi. Mbuzi hawana sindano."

Akaondoka. Mwalimu Nyaga, aliyekuwa amesikia yote dirishani, akaniambia polepole, "Daktari akikosea huzika. Mshauri akikosea hukutana na mtu huyo kwenye bomba kila asubuhi. Utafanyaje?"

Nilikutana naye jioni hiyo hiyo. Mutheu alikuwa anajaza mtungi.

"Niaje, Mshauri wa Sindano."

"Pole."

"Pole ya nini? Nimelala usingizi mzuri pale chini." Kisha akaacha mzaha. "Unajua siogopi mbuzi. Naogopa kunyamaza. Kwa nyanya kuna nyumba moja, halafu mlima. Nitamuuliza nani nini?"

Nilikuwa sijawahi kuliona hilo: mtu anayeogopa kukosa wa kumuuliza. Sikuliandika popote, maana halikuwa na mraba. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wiki hiyo mafuta ya taa yalikuwa yameadimika Kayole nzima. Jua halijatua, Mama akampa mdogo wangu Sifuna mtungi. Sifuna akaenda, akakaa, akarudi na mtungi mtupu na habari ndefu. Mama hata hakumsikiliza. Akasema tu, huku anakoroga mboga, "Niitie Mutheu."

Mutheu akaja, akauchukua mtungi, akatoka. Nusu saa baadaye mtungi ukarudi umejaa.

"Mama," nikasema, "kama ulijua yeye ndiye atapata, kwa nini hukumtuma yeye kwanza?"

Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Kwanza unamtuma aliye karibu. Mutheu ni wa kutumwa mara ya pili, wa kwanza akisharudi mikono mitupu. We si ndiye mshauri? Kula."

Sikula. Niliruka nikachukua daftari. Mwaka mzima nilikuwa nahesabu nani *anatumwa sana*, na anayetumwa sana, wapendwa, ni yule asiyejua kukataa! Wambui wa mlango wa tisa alikuwa na alama kuliko mtu yeyote kwenye ploti, nami nilikuwa nimemwona ana vipaji kumi na vinne. Hana hata kimoja. Ni mtiifu na anakaa karibu na bomba.

Nikarudi mlango kwa mlango na swali jipya: wa kwanza akishindwa, mnamtuma nani, na kufanya nini? Jina la Wambui likafutika lote. La Mutheu likabaki, tena likanona. Nesi? Alikuwa amehama, Mutheu akampata. Mkunga? Amehama mara mbili, Mutheu akampata. Fundi wa bomba aliyekuwa amejificha kwa shemeji yake kule Kariobangi, Mutheu alimleta ameshika spana. Hakuwahi kumtibu mtu yeyote. Alikuwa *anawatafuta*. Mimi nilisoma walioitwa, sikusoma mwitaji.

Kupata kipaji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpata mtu ambaye kukosekana kwa kipaji hicho kunamliza. Huyo nilimkuta Kariobangi: Fundi Okelo, mtengenezaji wa majiko na wa masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kidato cha kwanza kuripoti. Kelele za nyundo zilikuwa zinanifikia magotini. Mzazi mmoja alikuwa amemshika shati.

"Mtoto anaripoti Jumatatu! Sanduku liko wapi?"

"Mama, sanduku limezunguka Kayole siku tatu! Limetembea kuliko mimi!"

Mama yule alipoondoka, Fundi Okelo akakaa juu ya sanduku, akajipangusa jasho. Akanionyesha karatasi za oda. *Kayole, ploti ya geti ya bluu. Kayole, nyuma ya kanisa. Kayole, uliza Mama Brayo.*

"Geti zote ni za bluu," akasema. "Rangi hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi. Makanisa ni mengi kuliko dhambi. Na Mama Brayo ukiita, madirisha sita yanafunguka. Kayole Mungu aliimwaga tu, hakuipanga."

"Fundi, nina mtu."

"Ana nguvu za kusukuma mkokoteni?"

"Hausukumi. Anautangulia."

"Kijana gani huyo?"

"Msichana."

"Msichana!"

"Fundi, unatafuta nyumba au unatafuta mabega?"

Akacheka kwa nguvu, nyundo za jirani zikanyamaza kutazama. Akasema aje Jumamosi. Masanduku kumi na moja. Akiyafikisha yote, kazi ni yake, masanduku na majiko mwaka mzima. Likibaki hata moja, asirudi na asinilete mimi pia. Jumamosi. Basi la Kitui lilikuwa Jumapili saa mbili asubuhi.

Nilimfuata Mutheu siku ile kama mwanafunzi wake. Msukuma mkokoteni, mzee mmoja mnene aliyekuwa amezunguka siku tatu zile, alikuja amenuna. Kwenye geti la bluu la kwanza, mimi nikafungua mdomo kuuliza geti, Mutheu akaniziba kwa kiganja. Akainama kwa watoto waliokuwa wanacheza njiani. "Sasa nyinyi. Nani mtaa huu amefaulu, anaenda bweni?"

Vidole vinne vikanyooka kabla ya midomo. "Kina Kasyoka! Hata amenunuliwa viatu! Hata anajiskia!" Wakatushika mikono wakatupeleka hadi mlangoni, wakabisha wenyewe.

"Mtu mzima ukimuuliza nyumba," Mutheu akaniambia tukiondoka, "anakuuliza wewe ni nani. Na usiulize kitu watu wanachokificha kama nyumba. Uliza kile wanachojivunia."

Nilitamani kuliandika hilo lakini nilikuwa nimeshika sanduku. Nimeliandika sasa. Linakilini.

Kufikia saa sita, masanduku saba yalikuwa yamefika kwa wenyewe. Kufikia saa nane, masanduku kumi. Mzee wa mkokoteni alikuwa ameacha kununa, anaimba nyimbo za kanisani na kumwita Mutheu "meneja". Likabaki lile la Mama Brayo. Kifuniko kilikuwa na herufi mbili tu za jina na karatasi ilikuwa imeingia grisi. Tulipata Mama Brayo wa kwanza: Brayo wake ananyonya. Wa pili: Brayo ameoa. Wa tatu alikuwa na Brayo wa umri ule ule, lakini alikuwa amefeli, na mama akatufukuza kwa mwiko. Watoto wa mtaa ule hawakumjua Brayo yeyote aliyefaulu. Saa nane na nusu. Nikakaa chini kando ya barabara ya Spine Road. Niliona mbuzi. Kweli kabisa, niliona mbuzi machoni.

Mutheu alisimama, analitazama sanduku. "Mama wa mtoto anayejiringa husema," akasema polepole. "Huyu hasemi. Anaogopa kijicho. Lakini yunifomu lazima ameikunja mahali." Akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani wa kona. "Mjomba, wiki hii nani amekuletea suruali ya shule uikunje pindo kubwa, ya kumfikisha hadi kidato cha nne?"

Fundi hakuinua kichwa. "Mama Brayo wa juu ya kinu cha unga. Nimekunja nusu ya suruali."

Mama Brayo wa nne alitufungulia mlango kidogo, akaliona sanduku, akaweka mikono kichwani. Alikuwa amekwisha kumfungia mtoto vitu vyake kwenye gunia. Mzee wa mkokoteni akapiga kigelegele cha kiume, sauti mbaya sana, ikasikika hadi kituo cha basi.

Tulirudi Kariobangi saa kumi kasoro dakika chache. Fundi Okelo alihesabu karatasi zilizotiwa sahihi, akazihesabu tena, akafunga karakana yake mchana kweupe. "Nipelekeni kwa baba yake," akasema. "Mtu kama huyu haitwi kwa karatasi."

Baba Mutheu alikuwa uani, koti la kaki begani. Mkoba wa Mutheu ulikuwa tayari mlangoni. Ploti nzima ilitoka kutazama, Mama na mwiko wake mbele. Fundi Okelo akaeleza yote: masanduku kumi na moja, mageti ya bluu, suruali ya pindo. Baba Mutheu alisikiliza bila kupepesa macho.

"Ulijuaje nyumba zote hizo?" akamuuliza bintiye.

"Niliuliza, Baba."

"Ndicho unachofanya ukizurura? Unauliza?"

"Ndiyo, Baba."

Akalihamisha koti bega la pili. Kisha akasema, "Basi la kesho ni saa mbili. Tiketi hairudishwi."

Mama akashusha mwiko. Mutheu akainama kuuchukua mkoba. Mimi nikalificha daftari nyuma ya mgongo.

"Uache huo," Baba Mutheu akamwambia. "Toa nguo zako, nitie zangu. Nitaenda mimi nikamwambie nyanya yako asikungoje. Ningemwandikia barua, lakini ikipotea njiani nani ataitafuta? Wa kutumwa mara ya pili ameshapata kazi."